Masharubu ya Kuazima

Wageni walikuwa wameketi chini, miguu imekunjwa, majani ya kulia chakula yametandazwa mbele yao, wali umeshapakuliwa, samli imeshamwagwa juu ya dengu, na hakuna hata mmoja aliyegusa tonge. Si kwamba walikuwa wameshiba. Walikuwa wanasubiri kutukanwa.

Siku ya pili ya harusi, watu wa upande wa bwana harusi hawali wali wa ukweni mpaka wanawake wa nyumba wawaimbie matusi yao, mmoja mmoja, kwa jina. Atukanwaye ameshakuwa ndugu. Asiyetajwa anaweza kula mpaka avimbe, lakini amekuja kujaza mkeka tu, na kila mtu anayempita anajua hivyo.

Lalmuni alikuwa nyuma ya pazia la mianzi barazani, pamoja na wanawake wenzake, ngoma iko mapajani pa shangazi yake, na macho yake yalikuwa yamepenya kwenye upenyo wa mianzi mpaka mwisho kabisa wa safu ya wageni. Pale alikuwa amekaa Awadhesh. Amekonda. Shati lake jeupe lilikuwa la mjini, kola imekaa wima, lakini shingo iliyotoka ndani yake ilikuwa ileile aliyoijua. Alikuwa anatazama pazia la mianzi kama mtu anayeutazama mlango aliokuwa akiingia bila kubisha.

Lalmuni akayaondoa macho yake, akayarudisha, akajikasirikia.

Laiti mambo yangekwenda sawa, leo yeye ndiye angekuwa ameketi chumba cha ndani na hina mikononi, na Kusmi mdogo wake ndiye angekuwa hapa barazani akipiga makofi. Posa yake na Awadhesh ilikuwa imeshafungwa, vyombo vya shaba vimeshapelekwa, siku inatafutwa tu. Siku zile Awadhesh alikuja na mashine ya kaseti, akaketi uani na Bibi Sonjharo, mama wa baba yake Lalmuni, kuanzia asubuhi mpaka ng'ombe waliporudi, akamwomba amwimbie. Mwanamume hakai uani kusikiliza nyimbo za wanawake, lakini huyu alikuwa mjukuu mtarajiwa, na bibi alimpenda. Akamwimbia wimbo wa matusi ya harusi, ule wa masharubu ya kuazima. Aliukuta kwa mama yake, na mama yake aliukuta kwa mama yake, na kila mmoja aliongeza ubeti wake kabla ya kuondoka duniani. Sonjharo alipoletwa nyumba hii akiwa bibi harusi hakuja na ng'ombe wala dhahabu. Alikuja na wimbo huo. Na aliyekishika kinasa sauti karibu na mdomo wa bibi, ili sauti iingie vizuri, ni Lalmuni mwenyewe.

Awadhesh akarudi Bombei alikokuwa akifanya kazi, kwa bwana mmoja mtunzi wa nyimbo za filamu aliyemwajiri apige kinanda. Kisha filamu ya bwana huyo ikafika mjini Chapra. Watu wakaenda kuitazama, wakarudi wanacheka, wanasema wimbo wenu umetoka. Ulikuwa umetoka kweli, ila masharubu yameondolewa na mahali pake pametiwa kiuno. Kiuno changu cha kuazima, anaimba mwanamke mmoja kwenye pazia kubwa la sinema, katikati ya walevi, na walevi wanakishika. Jina la bwana mtunzi lilipita la kwanza, limenona, kama gari la tajiri. Jina la Sonjharo halikuwapo, hata kwenye yale maandishi madogo ya mwisho yanayopita watu wakiwa wameshasimama kutafuta viatu.

Kuanzia hapo Lalmuni hakwenda sokoni bila kupigiwa mluzi wa ule wimbo. Kila mtu alijua umetoka ua wa nani. Baba yake, Ramjatan, akarudisha ujumbe kuwa posa imekwisha. Binti mkubwa akabaki, mdogo akatafutiwa mume, na mume aliyepatikana ni mtoto wa Jagrup, baba mkubwa wa Awadhesh. Ramjatan alisema kosa la mtoto mmoja si la ukoo mzima. Lalmuni hakuwa amesahau kitu, hata kimoja.

Jana magharibi msafara wa bwana harusi ulipoingia kijijini, bendi ya matarumbeta ilikuja inapiga ule wimbo wa kiuno. Wanawake waliosimama mlangoni na taa za kupokea wageni walinyamaza kama waliopigwa kofi. Na Jagrup, kilemba kimemkaa upande kwa furaha, alikuwa akimwambia kila aliyesimama karibu kwamba wimbo huo umetungwa na kijana wake, huyu hapa, aliyemlea kwa mikono yake tangu baba yake alipofariki.

Awadhesh alisikia. Lalmuni alimwona akisikia. Naye Awadhesh akatazama viatu vyake.

Sasa Jagrup alikuwa ameketi mbele ya wali wake, tumbo limekaa vizuri, anaita kwa sauti ya mtu anayejua kwamba leo hapingwi. Alitaka kujua kama wanawake wa nyumba hii wamemeza ndimi. Alitaka kuimbiwa wimbo wa kijana wake, hataki mwingine.

Ramjatan akapita nyuma ya pazia, jasho linamtoka. Baba wa bibi harusi siku hiyo huwa mtumwa wa kila aliyekuja na msafara, hata mpiga tarumbeta. Akawaambia wanawake waimbe wimbo wowote, ila waimbe haraka, wali unapoa. Akamgeukia Budhiya, mke wa kinyozi, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya majina ya wageni na ya mama zao na kuyaleta kwa waimbaji, akamwagiza awataje wote, isipokuwa yule wa mwisho wa safu.

"Na wimbo wa masharubu?" akauliza Budhiya.

Bibi Sonjharo alikuwa ameegemea nguzo, mdomo wake usio na meno unatafuna tambuu iliyopondwa. "Huo siimbi," alisema. "Wameshautia kiuno. Mimi siimbi kitu chenye kiuno cha mtu mwingine."

Wanawake wakacheka, lakini Ramjatan hakucheka. Akamtuma Lalmuni kwenda nyuma kuleta chungu cha maziwa mgando, ili walau wageni waone kitu kinakuja.

Alikuwa ameinama kwenye pampu ya maji akiosha mwiko alipoona kivuli cha shati jeupe. Awadhesh alikuwa ameomba udhuru wa kunawa mikono. Akasimama upande wa pili wa pampu, mikono mbele.

"Maji haya ya wageni," alisema, "au hata mimi naruhusiwa?"

"Wageni wameketi. Wewe sijui ni nani."

Lakini alipiga pampu, na maji yakatoka, naye akanawa. Alinawa muda mrefu kuliko uchafu wa mikono yake.

"Umekonda," alisema Lalmuni, akachukia kwamba neno hilo limemtoka.

"Na wewe umezidi kuwa mzuri."

"Nadhani viuno vinalipa, ndiyo maana mtu anajua kusema maneno hayo siku hizi."

Awadhesh alitaka kutabasamu, tabasamu likamkatikia njiani. Akaanza kueleza. Alimsikilizisha bwana mtunzi ile kaseti kwa kujivuna tu, alisema, akitumaini kwamba watamleta bibi Bombei aimbe mwenyewe. Bwana mtunzi alifumba macho akisikiliza, akaisikiliza tena. Kisha wapigaji wakaitwa, mwimbaji akaitwa, maneno mapya yakagawiwa. Awadhesh akauliza, na bibi je? Akajibiwa kwamba nyimbo za vikongwe ni za asili, hazina mwenyewe, ziko kama upepo.

"Ukasemaje?"

Awadhesh akatikisa maji mikononi.

"Nakuuliza ukasemaje, Awadhesh."

"Nikapiga kinanda."

Kuku alipita kati yao, akadonoa punje ya mchele, akaendelea na safari yake.

"Nilidhani nikishapata nafasi yangu pale nitarekebisha," alisema. "Nilikuwa nafikiria nyumba. Nilikuwa nakufikiria wewe."

"Usinitwike mimi. Wakati unanifikiria mimi nilikuwa hapa napigiwa mluzi na wauza vitunguu." Sauti yake ilikuwa chini, maana nyuma ya ukuta kulikuwa na watu, lakini ilikuwa inakata. "Na nikwambie kitu umpelekee bwana wako. Wa asili maana yake una wenyewe wengi. Bibi, mama yake bibi, na mama yake huyo. Ninyi mmewaona wengi mkasema hakuna mtu. Kwenye shamba la mtu mnaweza kusema hivyo? Likilimwa na ukoo mzima linakuwa halina mwenyewe?"

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingetazama viatu jana."

Awadhesh akasogea. Alikuwa ameshika mpini wa pampu sasa, karibu kabisa na mkono wake yeye, na Lalmuni aliuona mshipa ule wa kiganjani aliokuwa akiutazama zamani, Awadhesh akipiga kinanda uani, vidole vinakwenda huku macho yanamtafuta yeye. Mwili wake ulikumbuka yote bila kuomba ruhusa. Alitamani kuweka paji la uso pale kwenye mkono ule na kulia mpaka wali wa watu uoze.

"Unataka nifanye nini, Lali?"

"Usiniite Lali. Baba yako mkubwa ameketi pale anawaambia watu kwamba wewe ndiye mtunzi. Nenda kamwambie mtunzi ni nani."

"Amenilea, Lalmuni. Nimvue kilemba mbele ya wakwe zake, siku ya harusi ya mwanawe?"

"Bibi yangu amevuliwa mbele ya nchi nzima. Wewe ulikuwepo."

Awadhesh akafumba macho. Alipoyafumbua alimtazama sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Niambie jambo moja. Bado unanipenda, au nimeshakufa kwako?"

"Ungekuwa umekufa ningekutengea maji ya marehemu nikaenda zangu," alisema. "Kupenda hakujaniisha. Ndiyo maana nina hasira hivi."

Kikohozi kikasikika. Ramjatan alikuwa amesimama kwenye pembe ya zizi. Kwa Awadhesh aliunganisha viganja kifuani kwa heshima, kama anavyopaswa kumfanyia hata mdogo kabisa wa msafara, akamwambia kwamba chakula kinapoa. Awadhesh alipoondoka, heshima ikashuka usoni pa Ramjatan kama nguo iliyofunguliwa.

"Huyo hatajwi," alimwambia binti yake. "Akiimbwa jina uani kwangu nitakuwa nimemkubali kuwa mtu wetu, na mimi simkubali. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Baba."

Kusikia alikuwa amesikia.

Aliporudi barazani na chungu, Jagrup alikuwa amechoka kusubiri. Alikuwa anamwambia Ramjatan, mbele ya safu nzima, asihangaike, kama wanawake wake wamekauka koo wao wamekuja na dawa. Kaseti ipo. Watakula kwa kaseti. Mtu wa vipaza sauti akaambiwa aweke.

Na ikalia. Kiuno, kiuno, kutoka kwenye kipaza sauti cha bati kilichofungwa juu ya mti, kwa sauti iliyofika mpaka mtoni. Watu wa msafara wakaanza kupiga mapaja. Wapo waliokuwa wameshanyoosha mkono kwenye wali. Wanawake barazani wakatazamana, na Lalmuni akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona: Bibi Sonjharo alikuwa ameziba masikio, kama mtoto anayeogopa radi.

Wamechukua wimbo, wakauvua nguo, na sasa wameurudisha hapahapa ulipozaliwa, ukae mahali pa wenyewe. Lalmuni alijikuta amesimama.

Lakini kabla hajafanya kitu, sauti ikakatika. Kwenye mwisho wa safu Awadhesh alikuwa ameinuka, amekwenda kwenye mashine, ameizima. Watu wakamgeukia. Jagrup akacheka, akasema tazameni, mtunzi ana haya. Awadhesh akafungua kinywa. Akakifunga. Akabaki amesimama pale na waya mkononi, uso umemwiva.

Nusu, alifikiri Lalmuni. Ameweza nusu.

Akamnyang'anya shangazi yake ngoma, akaketi mbele kabisa, akaipiga kwa mwendo wa zamani, ule wa taratibu unaompa mtu nafasi ya kusikia anavyotukanwa. Akaimba.

*Jagrup kaja na masharubu ya kuazima,*
*mwenyewe yuko nyumbani kwake, mdomo mtupu, analia.*
*Mvua ikimpata yatabanduka.*
*Rudisha, bwana, rudisha, wingu limeshatanda.*

Safu nzima ikalipuka kwa kicheko. Jagrup mwenyewe alicheka, akasokota masharubu, akachota tonge la kwanza, maana hivyo ndivyo alivyokuwa akitaka. Wanawake wakaitikia. Na Lalmuni akaongeza ubeti ambao haukuwapo asubuhi ile, wake mwenyewe, kama walivyoongeza wengine kabla yake.

*Jagrup ana kijana, ana kijana mtunzi,*
*katunga wimbo uliozaliwa kabla ya mama wa bibi yake.*
*Kesho atatunga jua, keshokutwa atatunga mto.*
*Rudisha, bwana, rudisha, Sonjharo bado yu hai.*

Kicheko kilianza kisha kikasita. Watu walikuwa wanayapima maneno. Tonge la Jagrup lilikuwa limesimama kati ya jani na kinywa. Ramjatan, aliyekuwa amebeba samli, aliganda. Barazani Budhiya akamvuta Lalmuni upindo wa sari, akamnong'oneza inatosha, mama, huyo wa mwisho baba amemkataza.

Lalmuni akaisogeza ngoma, akavuta pazia la mianzi pembeni kwa mkono wake, ili aonekane na aone.

*Awadhesh kaenda Bombei na sauti ya kuazima,*
*mwenyewe kabaki uani anapepeta mchele.*
*Kapiga kinanda vizuri, kinywa kakifunga vizuri.*
*Rudisha, bwana, rudisha, na wewe mwenyewe urudi.*

Hakuna aliyeitikia. Sauti yake ilimaliza peke yake na ngoma ikanyamaza.

"Baba Mkubwa," alisema Awadhesh.

Hakupaza sauti, lakini hapakuwa na haja.

"Baba Mkubwa, sikuutunga mimi. Wala yule bwana hakuutunga. Ni wimbo wa Bibi Sonjharo, na wa mama zake waliomtangulia. Alinipa kwa sababu nilikuwa naingia nyumba hii kama mjukuu. Wao wakaubandika jina lao, na mimi nilikuwepo, nilikuwa napiga kinanda, nikanyamaza. Jana umenisifu nikanyamaza tena. Leo nasema. Bombei wakisikia, wasikie. Sirudi kule."

Jagrup aliweka tonge chini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na mikono yake ikashika magoti, tayari kuinuka. Akiinuka yeye wangeinuka wote, na bwana harusi angeinuka, na Kusmi angebaki chumbani na hina yake.

"Keti, Jagrup," ilisema sauti ya kikongwe kutoka barazani. "Unakwenda wapi? Sijaanza na dada zako."

Mzee mmoja wa msafara alikuwa wa kwanza kupasuka kwa kicheko. Akafuata mwingine. Mwanamume anayeinuka kwenye wali kwa sababu wanawake wamemtukana huchekwa na wajukuu wa wajukuu zake, na Jagrup alilijua hilo vizuri. Mikono yake ikabaki kwenye magoti. Akamtazama Awadhesh kwa jicho lililosema watazungumza nyumbani. Kisha akajiweka sawa kwenye mkeka, na kwa kuwa lazima mtu afanye kitu na mkono wake, akala.

Ramjatan akaja nyuma ya pazia.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia akiimbwa utakuwa umemkubali."

"Nitasema uliropoka. Nitasema ni jua."

"Sema, Baba. Nitamwimba tena."

"Lalmuni."

"Nitamwimba kila utakaposema. Nina beti za kutosha mpaka msafara uondoke. Amekosa, nami nimemtukana kwa kosa lake mbele ya ukoo wake wote, na amesimama akasikiliza. Unamjua mwanamume mwingine aliyefanya hivyo? Mimi nimengoja nimechoka. Huyu ndiye wangu."

Ramjatan akamtazama mama yake. Bibi Sonjharo alikuwa anatafuna tambuu yake, anatazama juu ya paa, kama mtu asiyehusika. Akamtazama tena binti yake. Hakusema ndiyo. Hakuwa mtu wa kusema ndiyo. Akachukua chungu cha maziwa mgando na mwiko, akatoka nje, akaanza kugawa kuanzia kwa Jagrup, jani kwa jani, kwa ukarimu, huku akiinamisha kichwa kwa kila mgeni. Alipofika mwisho wa safu Awadhesh alikuwa amesharudi kuketi, mikono imekaa juu ya magoti, hajagusa kitu. Ramjatan alisimama juu yake kwa muda mrefu. Kisha akamtilia maziwa mgando, machache kuliko ya mtu mwingine yeyote, kwa kinyongo cha waziwazi. Lakini alimtilia.

Lalmuni hakungoja zaidi. Mwanamume akishatukanwa, hufuata kutukanwa mama yake, na mama yake Awadhesh alikuwa kijijini kwake mbali, hajui lolote, pengine anachambua dengu. Akamwuliza Budhiya jina lake. Akavuta pumzi, akaipiga ngoma kwa nguvu, akaanza kumtukana mama mkwe wake, na safari hii uani kote wanawake walimwitikia, na sauti ya kikongwe, iliyopasuka na kavu, ilikuwa juu ya zote.

Mwisho wa safu, Awadhesh alikula wali wake akitukanwa, na katika maisha yake yote hakuwahi kushiba vile.